Georges Simenon: mtu wa vitabu vya bei ndogo, na mdogo wake wa Matadi

Ukipita mbele ya wale wanaouza vitabu vya zamani pembeni ya barabara, vitabu vimepangwa chini juu ya mfuko wa saruji uliopasuliwa, simama kidogo, tafuta vizuri. Kati ya vitabu vya hesabu vyenye havina tena jalada na vitabu vya nyimbo za kanisa, mara nyingi kuko kimoja kidogo, karatasi yake imekuwa rangi ya chai, na juu yake imeandikwa Simenon. Ndani utakutana na komiseri wa polisi wa Paris, mtu mnene, mpole, koti zito mwilini, kiko mdomoni. Anaitwa Maigret. Wengi wa rika langu walijifunza Kifaransa cha watu wa kawaida ndani ya vitabu hivi kuliko ndani ya vile vya shule.

Chenye wengi hawajui ni kwamba mwenye kuviandika alifika hapa kwetu Kongo mwaka 1932, na kwamba mdogo wake, wa baba mmoja na mama mmoja, alikuwa mtumishi wa koloni kule bandarini Matadi. Huwezi kueleza maisha ya mmoja bila kumgusa mwengine. Twende polepole.

Georges Simenon alizaliwa Liège, Ubelgiji, usiku wa kuamkia tarehe 13 mwezi wa pili 1903. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mama yake, Henriette Brüll, aliogopa Ijumaa ya tarehe 13 sawa vile wengine wanaogopa bundi akilia juu ya nyumba. Basi Papa Désiré akaenda kumwandikisha mtoto kwenye ofisi ya serikali na kusema alizaliwa tarehe 12, mbele ya saa sita ya usiku. Karatasi ya kwanza kabisa ya huyu mtu wa hadithi ilikuwa tayari na hadithi ndani.

Désiré alikuwa karani katika ofisi ya bima. Alikuwa mtu wa njia moja: asubuhi anatoka saa ile ile, anapita barabara ile ile, anarudi, anasoma gazeti lake, ametosheka. Mama Henriette hakutosheka hata siku moja. Aliogopa umaskini, akaanza kupangisha vyumba vya nyumba kwa wanafunzi, wengi wao kutoka Urusi na Polandi. Mtoto Georges alikua kati ya hawa wageni, akiwasikiliza wakiongea juu ya inchi zao, dawa, siasa na vitabu. Mwaka 1906 akazaliwa mdogo wake, Christian. Tangu pale moyo wa mama ulikwenda kwa huyu wa pili. Georges alijua. Alikaa nalo mpaka uzee wake, na kama hulijui hilo, nusu ya vitabu vyake haitafunguka mbele yako.

Mwaka 1918, Georges akiwa na miaka 15, daktari alimwambia kwamba moyo wa baba yake ni mgonjwa na kwamba hataishi sana. Akaacha shule. Wakamjaribisha kwa mtengeneza keki, hakukaa. Wakamweka kwenye duka la vitabu. Kule alimsahihisha bwana wa duka mbele ya mteja, juu ya kitabu cha Alexandre Dumas. Kijana ndiye alikuwa na haki. Akafukuzwa.

Mwezi wa kwanza 1919, bado hajafikisha miaka 16, aliingia tu katika jengo la gazeti moja la Liège, Gazette de Liège, akaomba kazi, akapewa. Kila siku alipita kwenye komisariati kuchukua habari: nani ameiba, nani amepigwa kisu, nani ameokotwa ndani ya mto Meuse. Wenzetu wa redio wanaijua kazi hiyo. Unafika wakati watu wangali wanalia, unauliza maswali, unaandika mistari kumi, unaenda kwengine. Pale alijifunza kuangalia mikono ya mtu, viatu vyake, harufu ya ngazi za nyumba. Tusifiche na upande mwengine: katika gazeti hilo hilo, mwaka 1921, aliandika mfululizo wa makala ya kuwachukia Wayahudi. Baadaye alisema aliagizwa. Makala zipo, na jina lake la kazi liko chini yake.

Mwaka huo alitoa pia kitabu chake cha kwanza, cha kuchekesha, juu ya mji wake, akitumia jina la Georges Sim. Mwezi wa kumi na moja baba akafariki, sawa vile daktari alisema. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa kumi na mbili 1922, kijana alipanda treni ya usiku kwenda Paris. Alikuwa na miaka 19.

Paris haikumngojea. Alibeba barua, alifanya usekretari kwa mwandishi mmoja na kisha kwa tajiri mmoja, akaoa mwaka 1923 binti wa kwao Liège, mchoraji, mwenye alimwita Tigy. Usiku aliandika hadithi fupi. Alizipeleka kwenye gazeti Le Matin, ambako mama mmoja mwandishi mkubwa, Colette, ndiye alichagua hadithi. Colette akazirudisha. Akamwambia kwamba amekaribia, lakini atoe urembo wote wa fasihi, abakize hadithi. Kijana akaenda, akatoa. Akarudishiwa tena. Akatoa tena zaidi, mpaka ikabaki mifupa na nyama, na Colette akachapa. Simenon alisema maisha yake yote kwamba hilo lilikuwa shauri kubwa kuliko yote yenye alipewa.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu wengi wanafikiri mwandishi anazaliwa mwandishi. Simenon alijifunza kama seremala. Siku zile Paris ilikuwa na wachapaji wenye waliishi kwa vitabu vidogo vya bei ndogo, Fayard, Tallandier, Ferenczi, vitabu vya kuuzwa kwenye stesheni na kwenye vibanda vya magazeti. Wasomaji wake walikuwa washonaji, makarani wa mashini, wasichana wa dukani, askari. Mchapaji hakuuliza ndoto yako ni nini. Alitaka aina fulani, kwa urefu fulani, kwa tarehe fulani: hadithi ya mapenzi yenye machozi, au safari ya hatari katika inchi za mbali, au kitu cha kuchekesha cha wanaume. Kila aina ina sheria zake. Katika ile ya mapenzi msichana ni maskini na safi, na lazima ateseke vya kutosha mbele ya ndoa. Ukivunja sheria, mchapaji anakurudishia karatasi zako, na wewe hauli.

Simenon hakuvunja. Aliandika asubuhi hadithi ya mapenzi, mchana hadithi ya safari. Kati ya mwaka 1924 na mwanzo wa miaka ya 1930 alitoa karibu riwaya 190 za namna hiyo, bila kuhesabu hadithi fupi, kwa majina mengi ya bandia. Kulikuwa Georges Sim, Jean du Perry, Gom Gut, Luc Dorsan. Na kulikuwa Christian Brulls. Angalia hili la mwisho: Christian ni jina la mdogo wake, Brulls ni jina la ukoo wa mama yake. Mtoto mwenye hakupendwa alivaa jina la yule mwenye alipendwa, akalitia kwenye jalada na kuliuza vibandani. Sijui mganga gani wa roho angehitaji maelezo zaidi.

Kwa inchi za mbali alitumia kamusi kubwa ya Larousse. Alifungua penye majina ya miti, wanyama na milima, akachukua, akaandika. Hivyo aliandika juu ya Tibet, Ncha ya Kusini, Texas, bahari ya Pasifiki, bila kuona hata moja. Na Afrika pia, na masokwe yake na misitu yake. Wasomaji walifurahi. Afrika ile ya kamusi ilikuwa inauzwa vizuri.

Kuko na kisa cha kioo. Mwaka 1927 bwana mmoja mwenye magazeti, Eugène Merle, alitaka amfungie Simenon ndani ya sanduku la kioo, mbele ya watu wote wa Paris, aandike riwaya nzima kwa siku chache huku watu wanamwangalia kama samaki. Mkataba uliandikwa, magazeti yakacheka na kukasirika. Mwishowe haikufanyika, mradi ulianguka. Lakini miaka mingi baadaye watu walikuwa wangali wanaapa kwamba walipita pale na kumwona kwa macho yao ndani ya kioo, akipiga mashini. Hilo linafundisha kitu juu ya mashahidi, na nafikiri Maigret angelipenda.

Pesa zilipoingia, alinunua mashua. Ya kwanza, mwaka 1928, akazunguka nayo mito na mifereji ya Ufaransa. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi, aliiita Ostrogoth, akaenda nayo mpaka Uholanzi. Ikaanza kuingiza maji, wakaitia kwenye matengenezo katika mji mdogo wa Delfzijl, mwaka 1929. Simenon alieleza siku zote kwamba ni pale, asubuhi moja, akiwa amekaa na mashini yake juu ya sanduku, aliona kwa mara ya kwanza kivuli cha mtu mnene mwenye kiko, na kwamba Maigret alizaliwa hivyo. Mwaka 1966 Delfzijl ilisimamisha sanamu ya Maigret. Wenye kuchunguza vitabu vyake wamekuta jina hilo lilikuwa tayari limepita katika riwaya zake kadhaa za bei ndogo, kwa hiyo kuzaliwa kwenyewe kulichukua muda na kulikuwa na fasi zaidi ya moja. Mwandishi huyu alipenda kujitengenezea historia yake. Baba yake alikuwa ameanza.

Alipopeleka hadithi za Maigret kwa Fayard, mzee huyo hakuzipenda. Hazikuwa na mapenzi. Hazikuwa na fumbo la kweli la hesabu, sawa vile Waingereza waliandika. Mwenye kuua hakuwa mbaya kabisa na mwenye kuuawa hakuwa mzuri kabisa, na mwisho haukuwa na ndoa. Kwa mzee wa biashara hiyo, huyu kijana alikuwa amevunja sheria zote kwa mara moja. Ilikuwa kweli. Lakini alizivunja baada ya kuzifuata karibu mara 190, na sidhani inawezekana kwa njia nyingine. Komiseri wake hatafuti alama za vidole sana. Anakaa katika baa ya mtaa, anakunywa bia, anaonja chakula cha nyumba yenye mtu alikufa, mpaka aelewe namna watu wa pale wanaishi. Akishaelewa, anajua nani aliua, na mara nyingi anamhurumia.

Fayard alikubali kwa shida. Simenon akaamua kwamba kitabu kinauzwa kama sabuni: lazima watu wakisikie. Usiku wa tarehe 20 mwezi wa pili 1931 alifanya ngoma kubwa katika dansi la Boule Blanche, Paris. Mlangoni wanaume waliovaa kama polisi walichukua alama za vidole za kila mgeni. Walikuja wasanii, waandishi, watu wa sinema, na yeye usiku kucha alitia sahihi kwenye vitabu. Kesho yake magazeti yote yaliongea. Jalada zilikuwa na picha za kamera badala ya michoro, jambo jipya wakati ule, na jina lilikuwa sasa la kweli, Georges Simenon. Vitabu vilitoka karibu kimoja kila mwezi. Mwaka 1932 Jean Renoir alikuwa ameshafanya filamu ya kimoja.

Na ni mwaka huo, akiwa tajiri na miaka 29 tu, aliamua kwenda kuona ile Afrika yenye alikuwa anaiuza.

Alisafiri na Tigy. Walipitia Misri na Sudani, wakaingia Kongo ya Wabelgiji kutoka upande wa kaskazini-mashariki, wakavuka inchi mpaka Matadi. Kule alikuwa Christian, na mke wake, katika maisha ya wazungu wa koloni: boi, kofia ya jua, pombe ya jioni, mshahara wa serikali. Ndugu wawili wa Liège walikutana mbali na mama yao, kwenye mto wetu.

Aliporudi, Simenon alitoa katika gazeti la picha la Voilà, mwezi wa kumi na wa kumi na moja 1932, mfululizo wa makala juu ya safari hiyo. Kichwa chake kilikuwa na neno lenye leo ni tusi, siliandiki. Wakati ule sinema na magazeti ya Ulaya yalikuwa yanaimba sifa za koloni, mashujaa weupe wanaopita jangwa na motokari zao. Tangazo moja lilisema kwamba Afrika inaongea na nyinyi. Simenon alimaliza makala zake akijibu kwamba ndiyo, inaongea, na inawaambia muende zenu, kwa neno chafu zaidi ya hilo. Aliandika juu ya wazungu waliofika na ndoto na kubaki na ugonjwa, deni na chupa, wanaodanganya katika barua za nyumbani.

Tuseme kweli yetu pia. Makala zile ni kali juu ya wazungu, lakini juu ya watu wa hapa haziwezi kutosha. Alituangalia kama vile mtu anaangalia ukingo wa mto akiwa ndani ya meli. Kazi yake nzima ilikuwa kukaa na watu mpaka awaelewe, na hapa alipita. Hakujua lugha, hakukaa, na Afrika ya kamusi haikumtoka yote kichwani.

Chenye alileta katika riwaya ni bora kuliko chenye alileta katika gazeti. Le Coup de lune, ya mwaka 1933, inatendeka Libreville. Kijana mmoja mzungu anafika kutafuta kazi, analala katika hoteli ya mwanamke mzungu, na kijana mweusi anayefanya kazi pale anauawa. Wazungu wa mji wanajua nani aliua. Wanapanga kati yao, na mtu mweusi mwengine, bila kosa, ndiye anapelekwa mahakamani. Yule kijana anasimama mbele ya wote na kupiga kelele kwamba ni uongo, kisha akili yake inavunjika. Kwa mwaka 1933, hadithi ya bei ndogo kuonyesha wazi namna haki ya koloni ilitengenezwa, ni kitu. Mwenye hoteli mmoja wa Libreville alijiona ndani ya kitabu, akamshtaki. Alishindwa. Baadaye Simenon aliandika tena juu ya meli inayotoka Matadi kwenda Bordeaux na wazungu wake wagonjwa, 45° à l'ombre, mwaka 1936, na juu ya mlimaji wa kahawa wa Kongo, Le Blanc à lunettes, mwaka 1937.

Wakati huo alikuwa ameshamwacha Fayard na kwenda kwa Gallimard, nyumba ya waandishi wenye heshima, ambako alijadiliana mkataba wake mwenyewe kama mfanyabiashara wa ng'ombe na kudai sehemu kubwa ya faida. Akamstaafisha Maigret mwaka 1934, akataka kuandika riwaya tupu, bila polisi. Alikuwa anaziita riwaya ngumu. André Gide, mwandishi mkubwa wa Ufaransa, yule aliyekuja naye Kongo mwaka 1925, alisoma kila kitu cha Simenon na kumwandikia barua nyingi akitaka kujua namna anafanya. Wasomaji lakini walimtaka komiseri wao. Maigret akarudi.

Miaka ya vita aliishi Ufaransa, upande wa magharibi. Aliandika, na filamu za vitabu vyake zilitengenezwa na kampuni ya Wajerumani iliyokuwa Paris. Vita vilipoisha, wengi waliuliza maswali juu ya hiyo, na yeye akavuka bahari kwenda Marekani mwezi wa kumi 1945.

Lakini jambo baya lilikuwa kwa Christian. Alikuwa ameondoka Kongo na kurudi Ubelgiji, akaingia katika Rex, chama cha Léon Degrelle kilichofanya kazi na Wajerumani. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 mwezi wa nane 1944, kwa kulipiza kisasi, watu wa Rex waliwaua raia 27 huko Courcelles, karibu na Charleroi. Christian Simenon alikuwa kati yao. Mahakama ilimhukumu kifo yeye akiwa mafichoni. Alimwendea mkubwa wake. Mkubwa alimshauri ajiandikishe katika jeshi la wageni la Ufaransa, ambako jina la zamani linafutwa. Christian akaenda. Mwaka 1947 aliuawa vitani kule Indochina.

Mama Henriette hakusamehe. Sio Christian ambaye hakumsamehe. Inaelezwa kwamba alimlaumu Georges kwa kumtuma mdogo wake kifoni, na kumuuliza sababu gani haikuwa yeye. Mimi nikisoma tena zile riwaya za ndugu wawili, mmoja ameharibika na mwengine anamficha kwa kuchoka na kwa aibu, siwezi kusahau Courcelles. Komiseri alijua kuhurumia mwenye kuua. Familia ya wale 27 ingekuwa na maneno mengine ya kusema, na hatukuwasikia katika kitabu chochote cha Simenon.

Marekani ilimpa mke wa pili, Denyse, Mkanada, na miaka kumi ya kazi kubwa. Namna yake ya kuandika ilikuwa imekuwa kama ibada. Alichukua bahasha ya njano na kuandika majina ya watu wake, aliyoyatoa katika kitabu cha namba za simu, umri wao, anwani, magonjwa ya wazazi wao. Hadithi yenyewe hakuiandika, hakuijua. Daktari alimpima kwanza. Kisha anafunga mlango, anatundika tangazo la hoteli la kukataza kugonga, na kila asubuhi sura moja. Siku nane, siku kumi na moja, kitabu kimekwisha. Akiugua siku mbili katikati, alikitupa. Halafu alirudi kusahihisha, yaani kufuta: kila neno lililokuwa pale kwa kupendeza tu lilitoka. Shauri la Colette. Alitumia maneno machache kwa kusudi, maneno ya vitu, mvua, mkate, meza, ili mtu aliyesoma kidogo asisimame njiani. Hivyo alifikisha riwaya 75 za Maigret, na zaidi ya mia moja zisizokuwa na Maigret, zote kwa jina lake.

Mwaka 1955 alirudi Ulaya, akakaa Uswisi, mwishowe katika nyumba kubwa sana ya Épalinges, juu ya Lausanne. Miaka yote alikuwa akimtumia mama yake pesa. Siku moja mama mzee alifika kwa ziara, na kanzu yake ya kawaida, na ndani ya mkoba wake mlikuwa vifuko vya sarafu za dhahabu kwa ajili ya wajukuu. Zilikuwa zile pesa. Hakuwa amezila. Alimrudishia zote. Mwezi wa kumi na mbili 1970 Georges alikaa wiki nzima pembeni ya kitanda chake hospitalini Liège, na neno la kwanza la mama lilikuwa kumuuliza sababu gani alikuja. Walitazamana tu, siku kwa siku, mpaka akafariki. Miaka mitatu na zaidi baadaye aliongea kitabu kizima kwa ajili yake, Lettre à ma mère. Aliongea, ninasema, katika mashini ya kurekodi sauti, kwa sababu kuandika kulikuwa kumekwisha.

Kulikwisha hivi. Mwezi wa tisa 1972 alikaa na bahasha yake ya njano kuanza riwaya mpya, na haikuja. Mwaka uliofuata alitangaza kwamba haandiki tena hadithi. Katika pasipoti, penye kazi, alibadilisha mwandishi wa riwaya na kuweka bila kazi. Akauza nyumba kubwa, akahamia kanyumba kadogo Lausanne na Teresa, mwanamke wa Kiitaliano aliyekuwa mtumishi wa nyumba na sasa alikuwa mwenzake. Mwaka 1978 binti yake wa pekee, Marie-Jo, alijiua Paris kwa bunduki, miaka 25. Alikuwa ameomba majivu yake yatiwe katika bustani ya ile nyumba ndogo, na baba akayatia, chini ya mwerezi mkubwa. Aliandika tena kwa mkono mara moja tu, kitabu kinene cha kumbukumbu, kwa ajili yake.

Georges Simenon alifariki Lausanne tarehe 4 mwezi wa tisa 1989, ana miaka 86. Alikuwa amekataza mazishi ya kelele, na habari ilitolewa wakati kila kitu kimekwisha. Watoto wake waliipata sawa na watu wengine wote, kupitia wanahabari. Teresa alikuwa ameshamwaga majivu yake katika bustani, chini ya mti ule ule.